Karatasi Mbili na Nyonga ya Baba

Baba alivunjika nyonga kwa kutumbukia kwenye shimo alilolichimba mwenyewe. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yeye husimulia vingine. Ukimuuliza leo atakwambia aliteleza kwenye oili ya mtu mwingine, na kwamba mafundi wa siku hizi hawana adabu. Lakini mashahidi wapo. Lilikuwa lile shimo la kuingilia chini ya gari, kwenye gereji yake ya zamani hapa mtaani kwetu Buyenzi, naye alikuwa akirudi nyuma huku akimfokea fundi aliyeshika spana kinyume. Alirudi hatua moja zaidi ya ilivyotakiwa. Shangazi, dada yake mdogo tunayekaa naye, alipopewa habari alishika kiuno akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mi nilimwambia, mutu wa miaka sabini na kitu akae nyumbani." Kisha akalia njia nzima mpaka hospitali.

Hospitali yenyewe ndiyo ninayofanyia kazi. Mimi si daktari, si muuguzi. Ni sekretari. Kila Alhamisi asubuhi madaktari hukutana kwenye chumba chenye feni isiyozunguka na kuelezana mambo mapya yaliyogunduliwa na watafiti huko na huko duniani. Kila kitengo huleta lake: wa moyo, wa watoto, wa wazazi, wa macho, wa mifupa. Wananiletea mwandiko wao, unaofanana na nyayo za kuku kwenye matope, nami naupiga chapa kwa Kifaransa, ukurasa mmoja tu, natoa nakala na kuibandika mlangoni. Tunaiita karatasi ya Alhamisi. Madaktari wanaisoma wakiwa wamesimama, mkono mmoja umeshika simu. Mimi naisoma nimekaa, mara mbili, na jioni naipeleka Buyenzi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo uani kwetu tunajua mambo. Ua wetu una nyumba nne, na jioni wanawake hukaa pamoja wakichambua maharage au wakitoa mchanga kwenye ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikiingia tu, mmoja ananiuliza, "Haya, Alhamisi imesema nini?" Nami nasema. Nilisema watoto wanaocheza nje mchana, kwenye mwanga, macho yao hayashindwi mapema kuona mbali kama ya wale wanaojifungia ndani. Watoto wa jirani yetu fundi cherehani wakakataa kufanya kazi za shule, wakidai ni amri ya daktari wa macho, na mama yao hakunisalimia wiki nzima. Nilisema mtoto njiti akifungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, hupata joto na nguvu. Mjukuu wa muuza mandazi akazaliwa kabla ya wakati, bibi akamfunga kifuani zamu kwa zamu na binti yake, na leo yule mtoto anaturushia mawe juu ya bati. Nilisema mgongo unaouma hautaki godoro, unataka kutembezwa. Nilisema presha inayopimwa hospitalini mara nyingi hupanda kuliko ile ya nyumbani, kwa kuwa lile koti jeupe lenyewe linatisha. Nilipowaambia kwamba wazee wanaopoteza usikivu huwa rahisi zaidi kupoteza kumbukumbu, na kwamba masikio yao yapimwe mapema, Baba alijibu kutoka ndani, "Mi nasikia vizuri! Ni nyinyi munaongea vibaya."

Nina ulimi mkali, sikatai, na napenda neno la mwisho liwe langu. Karatasi ya Alhamisi ilinipa silaha. Shangazi peke yake ndiye hakuwahi kununua bidhaa yangu. Aliniuliza siku moja, huku akipepeta mchele bila hata kuniangalia, "Zamani mulisema yai ni baya kwa moyo, tukaacha mayai. Sasa munasema yai halina neno. Kuku ndio wamebadilika, ao ni nyinyi?" Ua mzima ulicheka. Hilo wananikumbusha mpaka leo.

Basi Baba wakampasua siku ya pili, wakamwekea chuma. Alipozinduka, daktari wa mifupa, kijana mrefu mpole, aliinama kumuuliza hali. Baba akamuuliza yeye kwanza.

"Dokta, hii piesi muliyoweka, ni orijino ao ni ya kuiga?"

"Orijino, mzee."

"Ina garanti?"

"Itadumu kuliko wewe. Lakini kwa sharti moja. Kesho asubuhi unasimama."

Hilo nililijua. Nilikuwa nimelipiga chapa mimi mwenyewe miezi michache kabla. Zamani waliona mtu akishapasuliwa anahitaji utulivu. Sasa wameona kwamba mzee akilazwa muda mrefu misuli inaisha, mapafu yanachafuka, damu inaganda miguuni. Ainuke kesho yake, hata kwa hatua mbili, na kila siku aongeze. Daktari alinivuta pembeni akaniambia wazi: Baba asipoanza kutembea wiki hii, huenda asitembee tena.

Nikaelewa maana yake. Baba ameacha kazi ya mikono zamani, lakini kila asubuhi huenda gereji kwa mguu, hukaa juu ya tairi kuukuu la lori, husikiliza injini ikiunguruma na kutaja ugonjwa wake kabla boneti haijafunguliwa. Nusu ya mafundi wa mtaa aliwafundisha yeye. Ukimnyima lile tairi, humwachii kitu. Angekuwa mzee wa kugeuzwa kitandani, na tabia yake naijua, asingemaliza mwaka.

Asubuhi ya kwanza alisimama. Muuguzi alimletea fremu ya chuma ya kujishikilia, naye akapiga hatua tatu, kila hatua na tusi lake, halafu akaomba msamaha kwa Mungu kwa matusi matatu. Nilifurahi mpaka nikaenda kununua sambusa za ofisi nzima. Mambo yaliharibika saa sita, wageni walipofika.

Buyenzi mtu haugui peke yake. Kwanza kila mgonjwa hospitalini ana gadimaladi, ndugu wa kumlinda, anayempikia, anayemfulia na kulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Wetu alikuwa Shangazi. Pili wanakuja wa kumwona: wa msikitini, wa gereji, wa dukani, majirani, na majirani wa majirani. Na tangu mafuta ya magari yaadimike mjini, wote hao wanakuja kwa mguu, juani, na teremosi ya uji mkononi na kilo ya sukari kwapani. Mtu aliyetembea hivyo anastahili kumkuta mgonjwa akiwa mgonjwa. Anasimama miguuni pa kitanda, anatoa pole, anaomba dua, anatikisa kichwa. Akikukuta umesimama dirishani unaangalia magari, atafanya nini na ile dua? Atarudi mtaani aseme, "Yule? Yule haumwi kitu." Na sukari yake ataikumbuka mwaka mzima.

Baba alilijua hilo kuliko mimi. Aliposikia sauti zao kwenye korido siku ile, alikuwa kwenye fremu, katikati ya chumba. Sijawahi kuona mtu mwenye nyonga mpya akirudi kitandani kwa kasi ile. Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Vipi hali, mzee wetu?"

"Ah... Mungu anasaidia," akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliye kwenye shimo bado.

Shangazi akawaambia wote asiguswe, asitikiswe, mfupa bado mubichi. Kesho yake wageni walikuja mara mbili. Siku ya tatu Baba hakuinuka kabisa. Shangazi alikaa kwenye kigoda kichwani pake, mkono mmoja juu ya shuka, na muuguzi alipoleta fremu alimzuia kwa upole kabisa.

"Amelala, mwanangu. Mumuache."

"Mama, macho yake yamefunguka."

"Anapumzika na macho wazi. Ndivyo alivyo tangu utoto."

Siku ya nne ilikuwa vilevile. Daktari wa mifupa alipita, akaniangalia, akaandika kitu kwenye faili. Nikakasirika. Mimi nikikasirika sipigi kelele, nachukua karatasi.

Saa sita ile nilishuka kutoka ofisini na ile karatasi ya zamani ya Alhamisi mkononi. Chumbani mlikuwa na wageni kama kumi, wamejaa mpaka mlangoni, na Shangazi anagawa chai. Nikasema, "Samahanini, sikilizeni, hili linawahusu wote." Nikasimama pale kama khatibu wa Ijumaa nikaanza kuitafsiri, mstari kwa mstari, kwa sauti. Kwamba kumlaza mgonjwa si kumpenda. Kwamba misuli inaisha. Kwamba damu inaganda mguuni, inapanda mapafuni, na mtu aliyeonekana amepona anakata pumzi ghafla na kufa mikononi mwa wanaomlinda.

Nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi. Wote walikuwa wakimwangalia Shangazi.

Lazima niseme hapa kuhusu mama yangu. Mama alipasuliwa tumbo nikiwa sina hata miaka miwili kazini. Operesheni ilikwenda vizuri, tukamrudisha nyumbani anacheka. Shangazi, ambaye ni wifi yake, alihamia kwetu kumuuguza. Alimlaza, akamlisha kwa kijiko, akamwosha palepale kitandani, hakuruhusu unyayo wake uguse sakafu. Mtaa mzima ulimsifu: yule anauguza wifi yake kama yai. Siku ya kumi na sita, asubuhi, Mama alisema kifua kinambana. Kabla hatujapata gari alikuwa ameshakwenda. Walituambia damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Sisi tukasema ni kazi ya Mungu, tukamzika, na Shangazi hakuondoka tena nyumbani kwetu.

Watu wote kumi mle chumbani walilijua hilo. Nami nilikuwa nimesimama mbele yao na karatasi ya hospitali, nikimwambia Shangazi alichokifanya. Wallahi sikuwa nikimfikiria Mama. Nilikuwa nikifikiria kushinda.

Shangazi aliweka birika chini. Akakunja mkeka wake, akauweka kwapani, akachukua kikapu, akapita katikati ya wageni bila kumgusa mtu. Wageni nao wakatoka mmoja mmoja. Baba alikuwa amegeukia ukutani.

"Umeshinda," akasema. "Sasa nenda kapige chapa."

Nilimlinda mimi usiku ule, juu ya kanga mbili, naye hakugeuka kutoka ukutani. Kesho yake asubuhi nilimwomba mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili amwangalie, nikaenda Buyenzi. Nilimkuta Shangazi uani, amekaa kwenye kigoda, ungo wa ndagala mapajani. Majirani walikuwa wameingia ndani kwao, wote, saa nne ya asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Wa nini? Karatasi yako inasema uongo?"

"Apana."

"Basi ni kweli."

"Ni kweli, shangazi."

"Basi ni mi niliua mama yako."

 Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akaweka ungo chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha vizuri kwa kanga yake na kuingia ndani. Nilisikia sanduku lake la bati likifunguliwa. Alirudi na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee hii."

Ilikuwa ya manjano, mikunjo imeanza kukatika. Niliitambua kabla sijasoma neno. Hospitali ilikuwa na mashine moja ya kupiga chapa siku zile, na herufi yake ya a iliruka juu ya mstari kama panzi. Niliilaani ile herufi miaka mitatu mfululizo. Ilikuwa moja ya karatasi za maelekezo tulizowapa familia wakati wa kutoka hospitalini. Ilisema, kwa Kifaransa: mgonjwa apumzike kitandani wiki tatu, asiinuke, asikae, asishushe miguu.

"Nani aliandika?" akauliza Shangazi.

"Madaktari ndio walisema. Mi nilipiga chapa."

"Mi sijui Kifaransa. Nani alinisomea?"

"Mimi."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni pa nyumba yetu, na kilemba kipya kichwani, mfanyakazi wa hospitali, nikijivuna kama hakimu. Nilimsomea mara mbili ili asikosee. Naye hakukosea. Siku kumi na sita hakukosea hata neno moja.

Hapo likatoka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku ya kumi na mbili, Shangazi akiwa sokoni, Mama alisikia harufu ya maharage yakiungua jikoni. Akashusha mguu mmoja. Mimi ndiye niliyeushika ule mguu, nikaurudisha kitandani, nikamwambia, "Mama, karatasi imekataza." Akacheka. Akasema, "Karatasi haili maharage." Nilimwambia Shangazi yote haya nikiwa nimechutama mbele ya ungo wake, na nililia kwa kamasi na kila kitu, mwanamke mzima mwenye funguo za ofisi kiunoni.

 Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Nyamaza sasa. Utazitia ndagala chumvi, na hizi zina chumvi yake." Akavuta kigoda karibu. "Sikiliza. Mi nilitii karatasi yako ya kwanza. Sasa umeniletea ya pili, unataka nitii tena. Niambie kweli, we binti. Na hii itageuka?"

Jibu la ofisini lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

"Sijui, shangazi. Inaweza kugeuka. Lakini wamewaangalia watu wengi kabla ya kusema, na ndiyo bora tuliyo nayo leo. Ile ya Mama nayo ndiyo ilikuwa bora ya siku ile. Hakuna aliyetudanganya."

"Eh! Sasa umesema kama mutu," akasema. "Jana ulikuwa unasema kama spika ya msikiti." Akainuka, akamimina ndagala kwenye kikapu. "Twende. Kaka yangu umemuacha na nani?"

 Alitembea mbele, mkeka kichwani, na alipofika mlangoni mwa wodi hakuingia kwa pole. Alikwenda moja kwa moja akavuta shuka.

"Kaka, inuka."

Baba alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. "Wageni watakuja," akasema.

"Wakuje. Mi ndiye nitasema nao."

Na alisema nao. Saa sita ilipofika alisimama mlangoni mikono kiunoni, na kundi la kwanza, watu wa msikitini, likamkuta pale. "Leo mugonjwa haonwi kitandani," akawatangazia. "Anaonwa njiani. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kila mutu aliyekuja kumwona atamutembeza kidogo. Asiyetaka aweke sukari aende." Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kama ni salama. Shangazi akamjibu kwamba ameshasomewa karatasi mbili na anazijua zote, asimfundishe. Yule mzee akatoa viatu, sijui kwa nini, akaenda kumshika Baba mkono.

Ndivyo ilivyoanza. Muuguzi aliwaonyesha namna ya kusimama upande wake na namna ya kumshika asianguke. Wa msikitini walimpeleka mpaka dirishani, dua ikasomwa palepale, wote wamesimama, naye Baba kasimama nao, akiitikia amina kwa sauti yake halisi. Jioni wakaja wa gereji. Hao walikuwa na vurugu yao. Walitembea nyuma yake wawili wawili wakisikiliza hatua zake kama wanavyosikiliza injini.

"Sikia, wa kushoto unachelewa."

"Ni taimingi hiyo."

"Taimingi?" Baba akageuka na fremu yake. "Taimingi nani alikufundisha? Si mi?"

Kesho yake walikuja na chaki. Kila alipoishia walichora mstari kwenye sakafu ya korido, ili kesho wapite pale. Mfagiaji akawafukuza na ufagio, wakachora mingine. Wageni wakaanza kushindana. Aliyekuja na sukari alitaka kujua yule wa jana alimfikisha wapi. Mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili akamwamsha mume wake naye, maana wageni walikuwa wengi na kazi haikuwatosha. Wiki ilipoisha, saa sita ya mchana, korido ya wodi ya mifupa ilikuwa na wanaume wanne wenye fremu na watu kama thelathini wakiwasindikiza, na teremosi.

Daktari wa mifupa alisimama na faili lake akitazama. Alhamisi iliyofuata aliniletea mwandiko wake wa kuku, na chini kabisa alikuwa ameongeza mstari mmoja: wageni waombwe wawatembeze wagonjwa, chini ya uangalizi wa muuguzi. "Si utafiti," akaniambia, "ni jambo la kujaribu tu." Nikaupiga chapa. Ndiyo sentensi pekee kwenye karatasi zangu zote iliyotoka Buyenzi kwenda hospitalini, badala ya kutoka hospitalini kwenda Buyenzi, na sitasema uongo, niliikuza herufi kidogo.

Baba alirudi nyumbani. Mwanzo alitembea mpaka mlango wa ua, kisha mpaka kwa muuza mandazi, kisha msikitini. Fremu ikarudishwa, likaja gongo. Kila mara Shangazi alikuwa pembeni yake, upande wa kushoto, ule wa taimingi.

Uani bado naulizwa Alhamisi imesema nini, ila sasa kuna sheria, na Shangazi ndiye aliyeitunga. Kabla ya kusema la leo, sharti niseme kwanza zamani walisemaje. "Ili tujue nani alitii nini," anasema. Basi nasema. Daktari mmoja alileta kwamba magonjwa mengi ya vijidudu hayahitaji dawa za siku nyingi kama tulivyozoea, ila daktari ndiye wa kusema ni siku ngapi. Nikaanza kwa kusema kwamba zamani sisi wenyewe tuliwagombeza watu wakiziacha mapema. Mke wa fundi cherehani akanyoosha mkono, "Mi! Mi muligombeza!" Nikamwomba radhi kwa niaba ya hospitali. Inachelewesha habari, lakini ugomvi umepungua, na Shangazi siku hizi anasikiliza mpaka mwisho. Zile karatasi mbili anazo yeye. Ile ya manjano na ile ya nyonga, kwenye mfuko mmoja, kwenye sanduku la bati.

Siku Baba alipofika gereji tulikuwa wote watatu. Ilikuwa asubuhi, jua halijakaza. Mafundi walikuwa wameziba lile shimo kwa mbao, kwa heshima, na Baba alipoona mbao akawauliza kama wamehama kazi wamekuwa maseremala. Akafikia tairi lake. Akaligusa kwanza kwa gongo, akakaa polepole, akashusha pumzi. Kigari kimoja kilikuwa kikiunguruma kwenye kona. Alisikiliza kidogo tu. "Silinda ya tatu," akasema, na kazi ikaanza.

Mimi na Shangazi tulisimama kando, kwenye kivuli cha bati. Nilimwona anatazama miguu ya Baba, vumbi jekundu juu ya makubazi yake. Alijifunga kanga upya, akaikaza.

"Mama yako pia ningemwinua," akasema. "Kila siku. Kama wangeniambia, ningemutembeza mpaka hapa."

"Najua, shangazi."

"Maharage yangeungua, na yaungue tu."

Nikamshika mkono. Baba akatupigia kelele tusimame mbali na shimo.